UKURASA WA AFYA: Chakula cha Mtoto Huanzia Mlimani

Mwezi huu somo letu la afya linahusu udongo, miti na ziwa. Msishangae, mtaona sababu.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani kwetu Rukwa karibu watoto 50 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa taifa zima ni 30. Mtoto hudumaa hata tumbo likijaa ugali, kwa kuwa anakosa vyakula vya kujenga mwili, au anaharisha mara kwa mara. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni chakula bora cha kujenga mwili. Lakini samaki wa ziwa hili wamepungua, nasi tunachangia.

Mlimani: Tukikata miti na kuchoma majani kwenye miteremko, mvua huteremsha udongo hadi ziwani. Shamba hubaki bila rutuba. Matope nayo hufunika mawe ambako samaki wadogo hula na kujificha.

Ufukweni: Tukivua kwa chandarua tunazoa hata samaki wachanga. Chandarua chenye dawa kina hasara mbili: dawa yake ni sumu kwa samaki, na mtoto analala bila kinga ya malaria.

Tarehe 12 Juni 2003, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ni migumu kwa nyumba isiyo na shamba. Ndiyo maana wa mlimani na wa ziwani lazima tusaidiane.

Jumuiya zetu ndogo ndogo zifanye hivi:

1. Za mlimani: tulime kwa kukinga mteremko, tuzike majani kwenye matuta kama wazee wetu wa Ufipa walivyofanya, na tupande miti kandokando ya vijito.

2. Za ziwani: tuache nyavu haramu, tushirikiane na kikundi cha ulinzi wa ufukwe, na tuanike dagaa juu ya vichanja, si mchangani.

3. Zote: tuchimbe vyoo mbali na maji, na tuweke akiba ya mahindi na maharage kwa familia za wavuvi wakati ziwa limefungwa. Nao wakirudi ziwani, watuletee dagaa kwa watoto wetu.

4. Mama, baba: ponda dagaa wakavu, changanya katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, huku ukiendelea kumnyonyesha.

Maswali ya jumuiya: Maji ya mvua ya shamba letu huishia wapi? Ni nyumba ipi kwetu itakayokosa chakula ziwa likifungwa tena, na sisi tutaipelekea nini?

Mungu ametukabidhi mlima na ziwa pamoja. Tuvitunze pamoja.