SOMO: MWIMBO WA KUPEWA

Tusome: Kutoka 31:1-6, 1 Samweli 3:1-10, 1 Wakorinto 14:26-33



Juu ya nyimbo, maulizo ni mengi. Kijana analeta mwimbo, anasema alipewa usiku. Mwalimu wa korali anabaki kati: akiukataa, anaogopa kumkataa Mungu, akiupokea, anaogopa kuliimbisha Kanisa mawazo ya mtu. Basi tulitazame jambo hili pole pole.

Mwaka wa 1921, watu walipojaa Nkamba kwa Papa Simon Kimbangu, waliimba nyimbo za misioni. Wazee wetu wanasimulia kwamba watu walitumwa kununua vitabu vya nyimbo, wakanyimwa. Papa Simon akaenda kando kuomba, na nyimbo zikaanza kushuka. Tangu siku hizo Kanisa letu halikungoja mtunzi mwenye masomo makubwa. Mama wa shamba anapewa, kijana anapewa, hata asiyejua kuandika anapewa. Mmoja katika ndoto, mwingine akiwa macho, anasikia kuimba pahali pasipo mwimbaji. Zilikuja kwanza kwa Kikongo, baadaye kwa Lingala, kwa Tshiluba, na kwa Kiswahili chetu.

Lakini kupokea ni kazi, tena kazi ya hatari. Tazameni Samweli. Sikio lake lilisikia vizuri kabisa. Alikosea kwa kutomjua mwenye sauti, akakimbia kwa Eli mara tatu. Mtu anaweza kusikia kweli na kukosea juu ya nani anayesema.

Mimi mwenyewe nilikosea hivyo. Usiku mmoja, hapa Kasongo, niliamka na sauti tamu kichwani, pamoja na maneno machache ya kumshukuru Mungu. Nikaandika, nikafunga chakula siku moja, nikapeleka kwa korali. Tulipoanza kujifunza, mama mmoja mzee akacheka kidogo: «Papa, hii si sauti ya maulidi ya jirani zetu?» Kweli ilikuwa hiyo. Uislamu uko Kasongo tangu siku za Tippu Tip, na dufu za jirani nimezisikia tangu utoto. Niliona haya sana. Sikuwa nimedanganya, nilikuwa nimeita kipaji cha usiku ule kitu ambacho sikio liliweka tangu zamani. Wazee hawakunifukuza. (Hata nyimbo zetu za zamani, nyingine zinafanana na za misioni kwa sauti, kufanana peke yake si dhambi.) Waliuliza mambo mawili: maneno yanafundisha nini, na je, niko tayari kuuacha mwimbo mikononi mwa wengine?

Ulizo la pili ndilo lililonichoma. Anayesema «mwimbo wangu» amekwisha kuugeuza shamba lake. Ndiyo maana Kanisa liliweka watu wa kupima nyimbo, maneno na mafundisho yake, kabla hazijagawanywa kwa korali. Paulo naye anaagiza hivyo: wawili au watatu waseme, wengine wapime. Tena anasema roho za manabii zinawatii manabii. Kwa hiyo hakuna anayeweza kujitetea kwamba alishindwa kujizuia.

Hapa tuseme wazi. Akija mtu na mwimbo wa ndoto unaomtaja jirani, au mama mjane, au mtoto, kwamba ni mlozi, mwimbo huo usiimbwe hata mara moja, hata uani, hata kwa kujaribu. Katika nchi yetu neno moja kama hilo linachoma nyumba na kuua mtu, na aliyeuawa harudi wazee wakisema baadaye kwamba ndoto ilikuwa ya uongo. Mwalimu wa korali aliyeletewa mwimbo wa namna hii asikae nao mpaka siku ya Mungu. Aende kwa mchungaji siku ile ile.

Kuna kosa lingine, dogo zaidi: wanaosema mwimbo wa Roho hauhitaji mazoezi. Besaleli alijazwa Roho, lakini mti aliukata kwa mikono yake. Huko Kinshasa, Papa Armand Diangienda alipoanzisha orkestra ya Kanisa mwaka wa 1994, wengi walikuwa hawajui kusoma noti, na violoni moja ilipita mikononi mwa watu kadhaa kwa zamu. Walijifunza. Mwimbo ukikubaliwa, sauti nne zifundishwe sawasawa, viatu vivuliwe kwa maombi, na saa ya mazoezi iheshimiwe.

Kwa mkutano wa korali unaokuja, kila mmoja alete kaye yake. Tutaanza na ulizo hili: Eli hakusikia sauti, kwa nini basi Samweli alimhitaji? Kisha wale ambao nyimbo zao zilikataliwa mwaka huu watapewa nafasi ya kusema, nasi wengine tutanyamaza na kusikiliza.