Mfumo wa Kusimamia Miradi: Tuendelee Nao au Tuuache?



Ndugu zangu katika imani, somo la leo limetokana na ankara. Jumuiya yetu hulipia kila mwaka programu kubwa ya kusimamia miradi, ya aina ile ambayo makampuni huitumia kugawa kazi, kupanga tarehe na kufuatilia bajeti. Ankara ya mwaka mpya ilipofika, kamati iligawanyika. Wapo waliosema tulipe, kwa kuwa mfumo ndio uliotutoa katika vurugu za makaratasi. Wapo waliosema tuuache, kwa kuwa michango ya wanachama haitoshi hata futari. Mimi nilikuwa upande wa kulipa, na ni vyema nikiri mapema kwamba mwaka juzi ni mimi niliyeupendekeza.

Amiri alisikiliza pande zote, kisha akanigeukia: "Ustadhi, wewe unasoma fiqhi. Usituletee maoni yako, tuletee mizani." Niliyoyapata ndiyo haya, na naamini yatawafaa ndugu wengi, kwani leo uko kwenye jumuiya na kesho utakuwa kwenye shule, hospitali au shirika lenye ankara kubwa kuliko yetu.

Kwanza, tuujue mfumo wenyewe

Programu hizi zina asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Mmarekani Henry Gantt alieneza mchoro wa mistari unaoonyesha kila kazi inaanza lini na inaisha lini. Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani, katika mradi wa makombora ya Polaris, lilitengeneza njia ya PERT ili kujua ni kazi ipi ikichelewa itachelewesha zote. Programu ya Microsoft Project ikatoka mwaka 1984. Kwa hiyo mifumo hii ilizaliwa kutokana na kazi zinazongojana. Ukipita pale Clock Tower ukatazama barabara ya juu, utaelewa: nguzo haisimami kabla ya msingi, na daraja halilazwi kabla ya nguzo. Penye mamia ya kazi za namna hiyo na wakandarasi wengi, daftari halitoshi.

Swali letu likawa: je, kazi zetu ni za namna hiyo?

Msingi wa kwanza: mambo huangaliwa kwa makusudio yake

Kanuni hii ni ya kwanza kati ya zile tano kubwa ambazo Imam Suyuti, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 911 Hijria, aliziweka mwanzoni mwa kitabu chake al-Ashbaah wan-Nadhaair. Kusudio letu katika kununua mfumo lilikuwa kutunza amana: mwenye kutoa mchango ajue umekwenda wapi, na aliyepewa kazi aulizwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kushuhudisha. Basi kuandika ni jambo zito katika dini yetu, lakini chombo cha kuandikia ni wasila tu. Wasila hupimwa kwa namna unavyolifikisha lengo.

Je, wetu uliyafikisha? Ramadhani iliyopita, mfumo ulionyesha alama ya kijani kwenye kazi ya maji ya kunywa. Aliyeiweka alimaanisha kwamba ameongea na muuzaji. Wengine tuliisoma kwamba maji yameshafika. Maelezo yote ya kweli yalikuwa kwenye kundi la WhatsApp, ambako ndugu yule aliuliza mara mbili nani atatoa pesa ya kulipia, wala hakujibiwa. Magharibi iliingia, wanafunzi wakafungua kwa tende na hapakuwa na tone la maji. Mfumo haukusema uongo. Sisi ndio tulikuwa tunaujaza kwa ajili ya kuonekana, huku kazi ikifanyika pengine.

Msingi wa pili: yakini haiondolewi na shaka

Mlezi wetu alituuliza, "Katika jambo hili, ni lipi mnalolijua kwa yakini?" Tukajikuta kwamba yakini yetu ilikuwa moja tu, nayo ni ankara. Manufaa tulikuwa tunayadhania. Basi tukapima. Tulifungua kumbukumbu za miezi mitatu ya mwisho, tukahesabu nani ameingia na kufanya nini. Katika akaunti ishirini, zilizotumika kweli zilikuwa nne, zote za ndugu wanaosimamia ujenzi wa madarasa ya madrasa.

Tuchukue bei ya mfano ili hesabu ieleweke. Akaunti 20 kwa dola 10 kwa mwezi ni dola 200, yaani dola 2,400 kwa mwaka. Ikiwa wanaotumia ni wanne, kila mmoja anaigharimu jumuiya dola 600. Hesabu hii ifanye popote utakapokuwa: usigawe gharama kwa akaunti zilizonunuliwa, igawe kwa watu wanaofanya kazi.

Hapa ndipo nilipotaka kujitetea. Nikasema, "Lakini tumeshalipa miaka miwili, na tumewafundisha watu." Dada mweka hazina akanijibu kwa upole, "Kaka, hizo zimekwenda, tulipe au tusilipe. Ankara hii inauliza za mwaka huu." Nilinyamaza. Niliona kwamba nilichokuwa nakilinda ni pendekezo langu, wala si mali ya jumuiya. Na amana haimwangalii aliyependekeza.

Msingi wa tatu: madhara huondolewa

Kuacha nako kuna madhara, na asiyeyatazama anafanya haraka. Ndugu wanne wa ujenzi walikuwa na kazi zinazongojana kwelikweli: fundi wa paa hawezi kuitwa kabla ukuta haujakauka. Tungewafungia mfumo ghafla tungewadhuru.

Kubaki nako kuna hatari zake. Mfumo unaokaa kwenye seva za kampuni ya mbali unaufikia pale tu intaneti inapokuwepo. Sisi wa Uganda tunalijua hilo: Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa. Tena mwenye programu anaweza kuamua kwa niaba yako. Kampuni ya Atlassian ilisitisha huduma kwa matoleo yake ya Server, ya kuwekwa kwenye seva ya mteja, Februari 2024, na Microsoft ilitangaza mwaka 2025 kwamba Project Online itafungwa tarehe 30 Septemba 2026. Waliojenga kazi zao humo walilazimika kupanga kuhama.

Kwa hiyo, ukiendelea au ukiacha, kumbukumbu zako ziwe mikononi mwako. Pakua kila kitu kabla muda uliolipiwa haujaisha, kisha fungua faili hizo kwenye kompyuta nyingine uone kama zinasomeka. Mara nyingi orodha ya kazi hutoka salama, lakini maoni, viambatanisho na mpangilio wa kazi gani inangoja ipi hubaki nyuma.

Msingi wa nne: haki za watu

Kijana mmoja alipendekeza tutafute nakala iliyovunjwa leseni, ya bure. Jambo hili lina jibu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, liliamua katika azimio namba 43 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa kisharia, haifai kuzivamia. Hatuwezi kuhifadhi hesabu za sadaka ndani ya kitu cha wizi.

Haki nyingine ni ya wale tunaowasaidia. Ndani ya mfumo kulikuwa na majina, namba za simu na hali za familia zenye dhiki. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019 inataka taarifa zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Na kabla ya sheria hiyo, dini imeshatufundisha kusitiri. Kuacha kulipa hakutoshi: taarifa hizo zifutwe, na akaunti zifungwe.

Tulivyoamua

Kwa shura, tuliamua kuuacha mfumo muda wake utakapokwisha. Ndugu wa ujenzi walihamia GanttProject, programu huria ya bure inayofanya kazi kwenye kompyuta yao bila intaneti. Shughuli nyingine zikaingia kwenye jedwali moja lenye safu nne: kazi, mwenye kazi, tarehe na uthibitisho. Neno "tayari" haliandikwi mpaka kitu kionekane kwa macho. Daftari la mweka hazina likabaki ndilo asili ya hesabu zote. Na tukaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba tukipata miradi mingi inayongojana, au mfadhili anayetaka taarifa ambazo jedwali haliwezi kuzitoa, tutalirudia jambo hili bila kuona haya.

Ndugu yangu msomaji, usichukue hapa hukumu ya kwamba mifumo mikubwa ni israfu. Jumuiya nyingine ikipima vilevile inaweza kukuta akaunti zote ishirini zinafanya kazi, na kwao kuacha ndiko kutakuwa kupoteza. Chukua maswali: tuliununua kwa lengo gani, nani anautumia kweli, nani atadhurika tukiuacha, kumbukumbu zetu ziko mikononi mwa nani, na haki ya nani imo ndani. Kisha jiulize moja la mwisho, ambalo mimi nilichelewa kujiuliza: je, ninatetea amana au ninajitetea mimi?

Ramadhani ijayo, inshallah, nimejiandika mwenyewe kwenye safu ya maji.

Wabillahi tawfiq.