Makaa ya Oli na Mpango wa Uchumi wa Kijani



Muhula uliopita mwalimu wetu wa jiografia alitupa kazi ya kusoma Mkakati wa Maendeleo ya Kijani wa Uganda, ule uliotolewa mwaka 2017, akasema kila mtu aandike kurasa mbili. Mimi niliandika tano. Aliporudisha daftari langu nilikuta maneno haya kwa wino mwekundu: "Umeandika juu ya kwenu nyumbani tu." Ni kweli, wala sikubishana naye. Basi Mhariri alipopata habari aliniomba niyaandike tena kwa Kiswahili kwa ajili ya ukurasa huu, nami nimejaribu kuongeza habari za nchi, lakini nyumbani bado pamo. Mtaniwia radhi.

Kwanza tuelewane maneno. Kitu chochote chenye kaboni kikiungua, kama kuni, makaa, petroli au dizeli, kaboni yake huungana na oksijeni ya hewani ikawa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikizidi angani huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi juu ya mtu aliyelala. Nchi ikitafuta maendeleo kwa njia zisizotoa hewa hiyo kwa wingi, huitwa nchi yenye maendeleo ya ukaa kidogo. Na ikipata mali bila kula misitu, maji na udongo wake, uchumi wake huitwa wa kijani. Mkakati wa Uganda ni wa kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 mpaka 2030/31, na una mambo makubwa matano: kilimo, kutunza mali ya asili, miji, usafiri na nguvu za umeme na moto. Wenye kuupanga walikadiria kuwa ukifuatwa utaongeza pato la nchi kwa asilimia 10 kupita lile ambalo lingepatikana bila mkakati, utaleta kazi milioni 4 zaidi, na kupunguza hewa hizo za siku zijazo kwa asilimia 28.

Katika hayo matano nitasema juu ya moto tu, maana ndio niujuao.

Mtu akisikia habari za kupunguza hewa ya ukaa hufikiri mara moja viwanda vyenye mabomba marefu ya moshi, kama vya Ulaya na China. Hapa kwetu sivyo. Umeme wa Uganda karibu wote hutoka katika maji. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, Bujagali likafuata mwaka 2012, Isimba mwaka 2019, na Karuma lenye nguvu ya megawati 600 likafunguliwa rasmi mwaka 2024. Umeme huo hautoi moshi, tena sasa upo mwingi kuliko nchi inavyoutumia. Lakini ukihesabu nguvu zote zinazotumika Uganda, pamoja na za kupikia, utaona kwamba karibu sehemu tisa kwa kumi ni kuni, makaa na mabaki ya mimea. Kwa hiyo bomba refu la moshi la Uganda ni jiko la mama yako, na la mama yangu.

Mama yangu huuza makaa. Kibanda chake kiko kando ya njia hapa Oli, mjini Arua, na wale waliosoma nami toka darasa la kwanza wanakijua. Hununua kwa gunia akauza kwa kopo. Kwa makopo hayo nimelipiwa ada tangu Senior One, nikanunuliwa godoro, sanduku na viatu viwili. Mimi mwenyewe, kama twaweza kusema hivyo, ni zao la makaa.

Tarehe 19 Mei 2023 Rais alitoa Amri Na. 3 ya mwaka huo, iliyopiga marufuku biashara ya kukata miti kwa makaa katika sehemu za kaskazini. Sababu yake ilikuwa wazi. Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya nchi ya Uganda. Mwaka 2015 ilikuwa imebaki kama asilimia 9. Upande wetu wa West Nile mnajua jinsi miti ya shea ilivyokatwa, miti ambayo bibi zetu walikamua mafuta yake, na ambayo hukaa miaka kumi na mitano hata ishirini kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Mti huo ni mzito, na makaa yake hukaa na moto muda mrefu. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza.

Basi mwaka ule lori ambalo mama alikuwa amekwisha kulilipia sehemu ya fedha lilizuiwa njiani. Makaa hayakuja, na fedha hazikurudi. Muhula ulipofunguliwa mimi nilibaki nyumbani wiki mbili. Simlaumu mtu. Nataka tu mjue kwamba mimi nilikutana na uchumi wa kijani kabla ya kuusoma katika kitabu, na nilikutana nao nimekaa kibarazani wakati wenzangu wako darasani.

Nikiwa pale kibarazani nilimwuliza mama, "Mama, huoni miti inakwisha?"

Akanijibu, "Mwanangu, mimi ndiye niionaye. Zamani makaa yalikuja kwa baiskeli, kutoka mahali pa karibu. Sasa yaja kwa lori kutoka mbali. Lakini tangu asubuhi watu kumi na wanne wamekuja hapa na makopo yao mikononi. Niwaambie wakapikie nini?"

Swali hili ndilo lililozaa makala hii, wala mkakati wenyewe haulijibu upesi.

Niliporudi shuleni nilianza kupiga hesabu, na likizo iliyofuata nikaipima nyumba yetu. Sisi ni watu wanane. Niliazima mizani dukani nikapima makaa kila asubuhi kwa wiki nzima: tulichoma kilo 21, yaani kilo 3 kwa siku. Hii ni zaidi ya kilo 1,000 kwa mwaka. Sasa angalieni mahali makaa yanapotoka. Tanuri ya udongo ya porini hula kuni kilo sita au saba, pengine zaidi, ili itoe kilo moja ya makaa. Zilizobaki huondoka kama moshi na mvuke. Kwa hiyo nyumba yetu moja, yenye sufuria mbili, hutaka zaidi ya tani 6 za kuni kila mwaka. Makaa hayo yenyewe, ukichukua kuwa robo tatu yake ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikiungua hutoa kilo tatu na theluthi mbili za hewa ya ukaa, hutoa karibu tani 3. Moshi wa tanuri sikuuhesabu.

Hapa wanafunzi wa sayansi watanikatiza. Watasema: hewa hiyo si ilikuwa ndani ya mti, na mti mwingine ukiota haitarudi humo? Naam, itarudi, kama huo mwingine utaota. Mkaratusi ukiukata huchipuka tena kwenye kisiki, na baada ya miaka michache unaukata mara ya pili. Mwenye kutumia kuni za namna hii na kupanda kadiri anavyokata hana deni kubwa na anga. Lakini aukataye mti wa shea wa miaka hamsini ili auze makopo ya siku chache, deni lake litalipwa na mjukuu wake. Wenye kukemea makaa mara nyingi hawatenganishi mambo haya mawili, nami naona ni kosa.

Twende kwenye umeme. Kaka zetu wa zamani wanakumbuka Arua ya jenereta, wakati taa zilipowaka saa chache tu kisha mji ukawa giza. Mwaka 2012 ilianza mitambo ya mto Nyagak, karibu na Paidha, yenye megawati 3.5, na kwa miaka mingi West Nile ilijitegemea kwa maji hayo machache na mitambo ya mafuta, mbali na gridi ya nchi. Mwaka 2024 ndipo nyaya kubwa kutoka Lira na Gulu zilipotuunganisha na gridi. Watu wa Arua walifurahi, nami nilifurahi. Nilisoma usiku mzima kwa fahari tu, ingawa hapakuwa na mtihani.

Je, umeme huo waweza kupika? Kwa hesabu waweza. Kilo moja ya makaa ina nguvu za joto kama megajuli 30, lakini jiko la bati la kawaida huingiza katika sufuria labda sehemu 15 kwa mia, na zingine hupasha hewa na miguu ya mpishi. Kwa kilo zetu 3, joto linalofika kwenye chakula ni megajuli 13 na nusu. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6. Basi chakula cha watu wanane kwa siku nzima chahitaji chini ya uniti 4, tuseme 5 kwa kuwa jiko la umeme nalo hupoteza kidogo. Nilipoona jibu hilo nilirudia hesabu mara tatu, maana sikuamini kwamba lundo lile la makaa ni uniti tano tu.

Mwaka 2022 wakuu wa umeme waliweka bei nafuu ya kupikia kwa wenye nyumba, kwa uniti za 81 mpaka 150 za mwezi. Wazo zuri kabisa. Lakini bei hiyo ilipoanza, West Nile ilikuwa haijaungwa na gridi. Tena angalieni Oli yetu ilivyo. Wengi hukaa vyumba vya kupanga, nyumba tano kwa mita moja, na mwenye nyumba hukataza hata pasi, sembuse jiko. Jiko la umeme lenyewe hununuliwa kwa fedha zote mara moja. Makaa mtu huyanunua ya mlo mmoja, akapika, akala, akalala, kesho akatafuta tena. Makaa hufuata namna maskini apatavyo fedha, na kitu chochote kitakachoyashinda hakina budi kufuata namna hiyo hiyo. Huo ndio uzito wa jambo zima, kwa maoni yangu, na nisingependa wakubwa wa mipango waupite haraka.

Kuna jambo jingine linalosemwa sana mjini, kwamba miti imemalizwa na wakimbizi. Tangu vita vya Juba vya Julai 2016 wamekuja wengi mno. Bidi Bidi kule Yumbe ilifunguliwa Agosti mwaka huo, na Rhino Camp, Imvepi na Lobule ya Koboko nazo zina watu wao. Watu wengi katika mahali pamoja huchoma kuni nyingi, hilo halikataliki. Lakini wazee wetu baada ya mwaka 1979 walikimbilia Kongo na Sudan, na kule walipikia miti ya watu. Tena zamani tumbaku yetu wenyewe ilikaushwa kwa kuni, miaka mingi kabla ya Bidi Bidi. Mwenye kupiga hesabu apige yote.

Nini kilichofanyika nyumbani? Nilimshawishi mama anunue jiko la udongo, lile lenye kifuko ndani ya bati. Likizo ya mwisho nilipima tena: kilo 14 kwa wiki badala ya 21. Mama alicheka, akasema sasa nimemfundisha kuwauzia wateja wake kidogo. Hata hivyo ameanza kuuza majiko yenyewe, matatu matatu, karibu na makopo. Tulijaribu pia makaa ya kubonyeza kwa maganda ya karanga na unga wa muhogo. Hayakwenda vizuri, yaliwaka polepole, yakaacha majivu mengi, na mteja mmoja aliyarudisha akadai fedha zake. Tutajaribu tena wakati wa kiangazi, maana nadhani hatukuyakausha vya kutosha. Kama katika zile kazi milioni 4 kuna moja ya mama yangu, labda iko katika majiko.

Hapa shuleni nako chakula chetu hupikwa kwa mafiga na magogo. Mpishi wetu ameniruhusu kupima, na tumekubaliana kuanza Jumatatu: Senior Five watapima kuni kila asubuhi, mimi nitaandika. Baba Mkuu amesema tukimletea hesabu ya muhula mzima atazungumza na wazazi juu ya kujenga jiko kubwa la matofali lenye bomba. Kaka zetu mlio mafundi waashi, au mnaojua majiko ya namna hiyo katika shule zenu za kazi, tuandikieni vipimo vyake, upana wa mlango wa kuni na urefu wa bomba. Barua zipitie kwa mwalimu wa Kiswahili. Na mwenye mbegu za shea zilizoanguka mwaka huu azilete upesi, maana zikikauka hazioti.