MAJI YA KULELEA MIMBA CHANGA

Tumeulizwa na mmoja wa wahudhuriaji wa darasa zetu: mimba ikitungwa nje ya tumbo, ndani ya kisahani, huishi kwa nini siku zile kabla ya kutiwa kizazini? Swali hili ni zuri, na wengi wanaolijadili jambo hili barazani hawalifikii, kwani hugombania hukumu tu. Na hukumu ilikwisha kutolewa na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Amman, mwaka 1986: ni ruhusa haja inapokuwapo, kwa sharti mbegu iwe ya mume, na yai na kizazi viwe vya mkewe. Basi na turejee kwenye swali.

Huishi kwa maji, lakini si maji matupu. Kwa kawaida yai hukutana na mbegu katika mrija wa uzazi, likakaa humo siku tatu au nne, likijigawa chembe mbili, nne, nane. Mrija huo una majimaji yake yenye chumvi, sukari na protini, na mwenye kutaka kulilea yai nje yambidi auigize. Mwaka 1956 Wesley Whitten, huko Australia, aliyatia mayai ya panya yenye chembe nane katika maji ya chumvi, sukari na protini ya damu ya ng'ombe, nayo yakakua. Mwaka 1958 Anne McLaren na John Biggers, huko London, wakayatia mayai yaliyolelewa hivyo katika matumbo ya panya wengine, wakazaliwa panya wazima. Hayo yalikuwa miaka ishirini kabla ya Louise Brown, binadamu wa kwanza kupatikana kwa njia hii, aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978.

La ajabu ni sukari. Sisi twadhani sukari ndiyo nguvu ya kila kilicho hai. Kumbe mimba katika siku zake za mwanzo haiwezi kuitumia glukosi vyema. Yataka piruveti na laktati, vitu vipatikanavyo sukari ikishavunjwa, mithili ya mtoto mchanga anayetafuniwa chakula na mamake. Ikishapita chembe nane ndipo huitaka glukosi yenyewe. Kwa sababu hiyo maabara nyingine huihamisha siku ya tatu kutoka maji haya hadi maji mengine. Tone lenyewe hufunikwa kwa mafuta lisikauke, likawekwa katika sanduku la joto la digrii 37, na hewa ya kaboni hutiwa humo kiasi cha sehemu 5 au 6 katika 100, ili maji yasizidi uchachu wala yasipungue.

Je, maji yote ni sawa? Hapa ndipo penye neno. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uholanzi kwa jozi 836 za mume na mke, waliogawanywa kwa kura baina ya maji ya namna mbili. Namna moja ilishikisha mimba zaidi. Lakini watoto wake walizaliwa wepesi kuliko wa namna ya pili, kwa wastani wa gramu 158. Siku chache tu ndani ya kisahani, na athari yake yaonekana kwenye mizani ya mkunga!

Juu ya hayo, wenye kuyatengeneza maji haya huyauza bila kutaja kiasi kamili cha kila kilichomo, wakisema ni siri ya biashara. Sisi hatuoni udhuru huo. Dawa ya kikohozi huandikwa kilichomo. Itakuwaje kinachomlea mwanadamu kifichwe? Mwezi wa Desemba 2023 shirika moja la Marekani liliwataka wanunuzi waache kuyatumia makundi matatu ya maji yake, kwa kuwa yalikosa magnesiamu, na mimba hudumaa ikiikosa.

Kwa hivyo mwenye kwenda kutibiwa, iwe Nairobi au Bara Hindi, na aulize jina la maji na nambari ya kundi lake, aviandike pamoja na tarehe, na karatasi hiyo aiweke.