Sanad ya Barua Pepe: Tuthibitishe Kabla ya Kufungua



Ndugu zangu, tunaosoma elimu ya Hadithi tunafundishwa mapema kwamba habari haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake. Kwanza tunatazama sanad: nani kaipokea kwa nani. Kisha tunatazama matini, yaani maneno yenyewe. Msingi wake uko katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, inayowaamrisha waumini kuichunguza habari aliyoileta fasiki wasije wakadhuru watu bila kujua. Wafasiri wengi wanaihusisha aya hiyo na al-Walid bin Uqba, aliyetumwa kukusanya zaka kwa Banu al-Mustaliq akarudi na habari kwamba wamekataa kutoa. Haikuwa kweli, na nusura wapigwe vita.

Katika darsa hii naipeleka kanuni hiyo kwenye barua pepe.

1. Anza na sanad

Mtego unaotulenga sana wanafunzi ni ule wa ufadhili wa masomo: umechaguliwa, tuma nakala ya kitambulisho na ada ndogo ya usajili, mwisho ni leo usiku. Jina linaloonekana juu ya barua, yeyote anaweza kuliandika. Libonyeze uone anwani kamili, kisha isome kuanzia mwisho wake. Anwani za serikali ya Rwanda huishia na gov.rw, Irembo ni irembo.gov.rw. Kiungo kinachoanza na maneno hayo lakini jina la tovuti likaishia na neno jingine na .com, ni cha mwenye neno hilo la mwisho.

2. Kisha tazama matini

Sanad nzuri peke yake haitoshi. Wanachuoni wameshurutisha hadithi sahihi isiwe na shudhudh wala illa, hata wapokezi wake wakiwa waaminifu.

Mfano ni kirusi cha ILOVEYOU, kilichoanzia Ufilipino Mei 2000. Barua yake ilitoka kwa mtu unayemjua kweli, kwa sababu kirusi kilijituma chenyewe kwa wote waliomo katika orodha ya anwani za Outlook. Kiambatisho kiliishia na .TXT.vbs, na kompyuta nyingi zilikificha kipande cha mwisho, kikaonekana kama maandishi ya kawaida. Waliosalimika ni waliojiuliza: kwa nini bosi wangu aniandikie barua ya mapenzi?

Basi rafiki akikutumia faili usiyoitarajia, mpigie simu. Usimuulize kwa kuijibu barua ileile, maana akaunti ikiwa imeibwa atakayekujibu ni mwizi. Faili inayoishia na .exe, .js au .vbs usiifungue. Na anayekuomba neno la siri au namba ya siri ya pesa za simu, usimpe, awe nani.

3. Kinga ya kompyuta

Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender bila malipo, hakikisha haijazimwa. Masasisho nayo usiyaahirishe. WannaCry, iliyofunga kompyuta za hospitali za Uingereza Mei 2017, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake mwezi Machi.

Hapa Kamembe tunachapisha kazi zetu madukani, na flashi moja huingia katika kompyuta nyingi. Ukikuta mafolda yamegeuka vialama vya njia ya mkato, usiyabofye na usikimbilie kuifuta flashi yote. Mara nyingi faili zako zipo, zimefichwa tu. Ipitishe kwanza kwenye kinga ya virusi.

Programu zilizovunjwa ufunguo ni mlango mwingine wa virusi, na zina tatizo la kisheria pia. Majma' al-Fiqh al-Islami, katika azimio namba 43 la Kuwait mwaka 1988, ilikubali kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia. LibreOffice ni ya bure na ya halali.

Tasnifu yako iweke sehemu tatu: kompyuta, flashi na hifadhi ya mtandaoni.

4. Ukiwa umeshabofya

Kata intaneti. Badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Pesa zikiwa zimeondoka, ijulishe kampuni ya simu mara moja, kisha toa taarifa RIB.

Halafu waambie wenzako, hata ukiona haya. Akaunti yako ina majina na namba za ndugu na dada wa jumuiya. Hizo ni amana. Ukinyamaza, barua inayofuata itawafikia kwa jina lako, na wataifungua kwa sababu wanakuamini. Kanuni ya fiqhi inasema madhara huondolewa, na kuyaondoa hapa kunaanza na kusema.

Maswali ya halaqa

1. Ukipokea barua ya ufadhili leo, utaithibitisha kwa nani kabla ya kutuma chochote?
2. Ni nani katika jumuiya yetu anayetunza orodha ya wanachama, na ameilindaje?

Wallahu a'lam.