Usisubiri Wekundu: Ngozi ya Mtoto Wako Mjini Guangzhou

Karibu kila kitabu cha afya ya mtoto, na karibu kila bango la kliniki hapa Guangzhou, humwonyesha mzazi vipele vyekundu juu ya ngozi nyeupe. Mzazi aliyetoka Kariakoo au Eastleigh akahamia mtaa wa Xiaobei hapa mjini na wanawe huutafuta wekundu huo, asipouona hujiambia mtoto hana kitu. Ngozi nyeusi haionyeshi ugonjwa hivyo. Inapowaka huwa ya zambarau, ya kijivu, au nyeusi kuliko kawaida yake, na mara nyingi vidole vya mama hugundua tatizo kabla ya macho: pana moto, pamevimba, pamekakamaa, panakwaruza. Ukishika neno moja tu katika makala haya, shika hilo. Mpapase mtoto wako kila siku unapomwogesha.

Mkague karibu na dirisha mchana, kwa kuwa taa za vyumba vyetu huficha mengi. Linganisha mkono wa kulia na wa kushoto. Kisha tazama sehemu ambazo rangi ni hafifu: viganja, nyayo, ndani ya midomo, ndani ya kope za chini. Piga picha kila siku, na uwe nayo pia picha ya ngozi yake akiwa mzima, umwonyeshe daktari. Madaktari wa watoto wa mji huu ni hodari na wana uzoefu mkubwa, ila wengi wao hawaoni ngozi kama ya mwanao mara kwa mara. Wewe ndiye unayejua rangi yake halisi. Usione haya kusema, "Hapa si kawaida yake."

Jambo moja linaweza kukuondolea hofu mapema. Yale mabaka ya bluu au kijivu ambayo watoto wetu huzaliwa nayo kiunoni na matakoni hayana madhara, na watoto wengi wa Kichina huzaliwa nayo pia. Si rahisi daktari wa hapa adhani mtoto amepigwa.

Hali ya hewa ndiyo mzizi wa matatizo mengi. Kuanzia Februari hadi Aprili hivi huja siku ambazo unyevu wa kusini huzifanya kuta na sakafu zitoe jasho, nguo hazikauki na ukungu huota nyuma ya makabati. Mwezi Mei na Juni mvua hunyesha kwa nguvu, kisha joto hukaa hadi Oktoba. Mtoto mchanga hupata harara shingoni, mgongoni na kwenye mikunjo. Dawa ya harara ni ubaridi. Mvue, mwogeshe maji ya vuguvugu, mvalishe pamba nyepesi, washa kiyoyozi bila kumwelekezea upepo. Usimpake mafuta mazito juu ya harara, maana huziba vinyweleo na kuzidisha tatizo. Poda pia iache, kwani vumbi lake huingia mapafuni. Losheni ya kalamaini, inayoitwa luganshi (炉甘石洗剂), ni rahisi na hupatikana katika maduka mengi ya dawa. Itikise vizuri kabla ya kupaka, na usipake palipochubuka. Harara ikiota usaha, au mtoto akipata homa, mpeleke kwa daktari.

Majirani wenye nia njema watakushauri kumwogesha mtoto kwa maji ya maua ya jinyinhua (金银花). Hapo simama kidogo. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaofanya chembe nyekundu za damu zipasuke mtoto akigusana na vitu fulani, ni wa kawaida hapa mkoani Guangdong na ni wa kawaida kwetu Afrika Mashariki vilevile. Watoto wanaozaliwa hapa hupimwa, na maua hayo yamo katika orodha ya vitu ambavyo wazazi wa watoto wenye upungufu huo huonywa navyo. Vidonge vya nondo vya naftalini, vile vinavyowekwa kwenye masanduku ya nguo msimu wa unyevu, ni hatari iliyo wazi kabisa kwao. Kama mwanao alizaliwa kwetu Afrika Mashariki na hakupimwa, omba kipimo. Na nguo za mtoto zisihifadhiwe na vidonge hivyo hata kidogo.

Sasa pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu. Hii ndiyo inayowasumbua wazazi kuliko zote, kwa sababu huja, huondoka na kurudi. Kwa mtoto mweusi mara nyingi huanza kama vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo vya kifua, tumbo na mgongo, kabla ya mikunjo ya viwiko na magoti kukakamaa. Huwasha hasa usiku. Kiyoyozi kinachowaka saa zote huikausha ngozi, na ukungu wa ukutani unaweza kuichokoza zaidi. Kazi kubwa ya tiba ni mafuta, na mafuta hufanya kazi kwa wakati wake: dakika tano hadi kumi za kuoga kwa maji ya vuguvugu, bila dodoki, bila sabuni ya manukato; kisha mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, na papo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, mpake vaselini au krimu nzito isiyo na harufu. Asubuhi na jioni, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Mafuta yanayopakwa ngozi ikiwa imeshakauka husaidia, ila hufungia maji machache zaidi ndani.

Ngozi ikiwaka, daktari anaweza kukupa krimu dhaifu ya steroidi, kwa mfano haidrokotisoni ya asilimia 1, upake safu nyembamba kwa siku chache. Usiiogope, na usiizidishe. Mabaka meusi au meupe yatakayobaki baada ya ugonjwa kutulia yanaweza kukaa miezi kadhaa. Hayo ni kumbukumbu ya ngozi tu, yatafifia yenyewe. Mama anayempaka mtoto krimu ya kung'arisha ili kuyafuta anamwongezea madhara.

Na hapa nataka niseme kwa mkazo kuhusu krimu za "asili" zinazouzwa kwa watoto. Januari 2021 China nzima ilizungumza juu ya mtoto mchanga aliyevimba uso na kuota nywele baada ya kupakwa krimu iliyotengenezwa mkoa wa Fujian na kudaiwa kuwa salama kwa watoto. Wachunguzi walipoipima waliikuta na klobetasoli, mojawapo ya steroidi kali kuliko zote za kupaka, ambayo haikuandikwa popote kwenye boksi. Krimu ile ilikuwa imesajiliwa kama bidhaa ya kuua vijidudu. Kwa hiyo jifunze kusoma boksi hata kama hujui Kichina. Dawa iliyoidhinishwa huwa na herufi hizi nne: 国药准字, zikifuatwa na namba. Ukiona badala yake namba ya usajili yenye 消, hiyo ni bidhaa ya usafi. Yenye 妆 ni kipodozi. Hizo mbili haziruhusiwi kudai kutibu ugonjwa, na krimu ya aina hiyo inayoponya ukurutu kwa siku mbili inapaswa kukutia shaka, si furaha. Shaka hiyohiyo ielekeze kwenye tyubu tunazobeba kwenye mabegi kutoka nyumbani, zile za tatu kwa moja, zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki pamoja. Zikipakwa kwenye choa huzima muwasho huku fangasi wakienea chini kwa chini.

Choa la mwilini hutibiwa kwa krimu ya fangasi peke yake. Mapunye ya kichwani ni habari nyingine: krimu haifiki kwenye shina la unywele, na mtoto anahitaji dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa, kwa agizo la daktari. Mashine ya kinyozi isiyosafishwa huyasambaza, na paka wa kufugwa pia, hivyo mwambie daktari kama mtoto hucheza na paka. Upele, ule unaowasha usiku na kukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na kwa watoto wachanga hata kwenye viganja na nyayo, hautibiki kwa kumpaka mmoja. Nyumba nzima ianze kujipaka usiku uleule, hata asiyewashwa, na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Katika nyumba ambazo familia mbili zinagawana vyumba, familia zote mbili zihusike. Hapa hutumika sana marhamu ya salfa, ya asilimia 5 kwa watoto, kwa usiku kadhaa mfululizo. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili au zaidi wadudu wakiwa wameshakufa.

Vidonda vyenye magamba ya rangi ya asali puani na mdomoni ni vya bakteria, navyo huambukiza haraka chekechea. Vikiwa vichache daktari atatoa marhamu ya antibayotiki. Vikienea, au ngozi ya pembeni ikiwa ya moto na ngumu, itahitajika dawa ya kunywa.

Ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo huenda hukuusikia nyumbani, lakini Guangdong hutaabika nao kila mwaka, zaidi kati ya Aprili na Julai, na tena kidogo Septemba na Oktoba. Mtoto hupata homa, anakataa kula kwa sababu ya vidonda mdomoni, kisha malengelenge madogo hutokea kwenye viganja, nyayo na matako. Kwenye ngozi nyeusi malengelenge hayo huonekana ya kijivu, na viganja ndivyo vitakavyokwambia ukweli. Tangu mwaka 2008 ugonjwa huu ni wa kuripotiwa kwa sheria China, na ndiyo sababu walimu wa chekechea hukagua mikono na vinywa getini asubuhi. Mwalimu akimrudisha mwanao nyumbani, usikasirike wala usidhani anabaguliwa. Watoto wengi hupona ndani ya siku saba hadi kumi kwa maji, uji uliopoa na dawa ya homa. Nawa kwa sabuni na maji, maana jeli ya alikoholi haiviui vizuri virusi hivi. Kucha zikidondoka wiki kadhaa baadaye, zitaota tena.

Lakini kirusi kimoja katika kundi hilo, EV-A71, kinaweza kuingia kwenye ubongo. Mtoto akianza kushtukashtuka usingizini, akitapika mara kwa mara, akilegea, akitembea kwa kuyumba, akipumua haraka au mikono na miguu ikiwa ya baridi wakati ana homa, nenda dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. China ina chanjo dhidi ya kirusi hicho tangu 2016, dozi mbili, kuanzia umri wa miezi sita. Hulipiwa na mzazi. Kwa maoni yangu, mtoto mdogo atakayekaa hapa na kwenda chekechea apewe. Haizuii virusi vingine vya kundi hilo, hivyo bado anaweza kuugua.

Mbu nao wasisahauliwe. Mwaka 2014 Guangzhou ilipata mlipuko mkubwa wa dengi, na katikati ya 2025 chikungunya iliwapata maelfu ya watu katika mji jirani wa Foshan. Homa kali yenye vipele na maumivu ya viungo msimu wa joto ipimwe damu. Usimpe ibuprofeni kabla dengi haijaondolewa shaka, wala usimpe mtoto mwenye tetekuwanga; parasetamoli inatosha. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi. Mtoto aliye chini ya miezi mitatu mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, awe na vipele au asiwe navyo. Madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabana kwa gilasi ya kioo. Kwa watoto wetu yatafute kwenye viganja, nyayo, ndani ya kope na kaakaa. Midomo au uso kuvimba ghafla pamoja na kukoroma au kushindwa kupumua. Ngozi inayobanduka. Mtoto mwenye pumu ya ngozi anayetokwa ghafla na vidonda vingi vya duara vyenye maumivu na homa. Na homa ya siku tano yenye macho mekundu, midomo iliyopasuka, ulimi mwekundu wenye vipele na mikono iliyovimba: huo unaweza kuwa ugonjwa wa Kawasaki, unaodhuru mishipa ya moyo, na tiba yake hufaa zaidi ndani ya siku kumi za mwanzo. Litaje jina hilo mwenyewe kwa daktari, kwa sababu vipele vyake hujificha kwenye ngozi nyeusi.

Hospitali kuu ya watoto ni 广州市妇女儿童医疗中心. Tawi lake la Zhujiang New Town lipo Tianhe, Barabara ya Jinsui. Kutoka Xiaobei panda treni ya chini ya ardhi, Laini ya 5, moja kwa moja bila kubadilisha. Hospitali hiyo ina tawi jingine Barabara ya Renmin Zhong. Beba pasipoti ya mtoto, kadi ya chanjo na boksi za dawa zote alizotumia, hata ile unayoionea aibu. Kwanza unachukua namba, 挂号, na kwa kawaida unalipia kabla ya vipimo na dawa. Daktari wa watoto ni 儿科, wa ngozi ni 皮肤科, dharura ni 急诊. Mwenye homa na vipele amwambie mhudumu wa mlangoni kabla ya kukaa na wengine. Kama Kichina hakipandi, omba msaada kwa mwanafunzi wa udaktari kutoka kwetu. Wapo katika vyuo vya mji huu, na wengi hawakatai kutafsiri kwa simu.

Gari la wagonjwa ni 120. Anayepokea simu anaweza asijue lugha yako, kwa hiyo mwombe leo mwenye nyumba au mlinzi wa jengo akuandikie anwani yako kwa Kichina, uibandike mlangoni pamoja na namba ya mtu atakayeisoma kwa ajili yako.