Matunda Yaliyouzwa Mtini Kisha Yakapatwa na Afa

Mtu amenunua maembe yangali mtini, kisha ikaja tufani ikayapukutisha. Khasara ni ya nani? Suala hili twaulizwa kila msimu, na aghlabu waulizao huwa wamekwisha kugombana.

Kwanza itazamwe biashara yenyewe. Matunda hayauzwi mpaka yaonyeshe kupevuka, ila kwa sharti ya kukatwa papo hapo. Aliyeuza maua ya miembe hakuuza kitu. Fedha zirudishwe, tufani ije isije. Wagomvi wengi wamo humu, wala hawapendi kuambiwa.

Ama biashara ikiwa sahihi, imo katika Sahihi Muslim Hadithi ya Jabir (R.A.) ya kwamba Mtume (S.A.W.) hakumhalalishia muuzaji kuchukua thamani ya matunda yaliyopatwa na afa. Imam Malik ameishika, ila kwa sharti khasara ifike thuluthi, kwani matunda machache hayakosi kuanguka kila mwaka. Imam Ahmad, kwa kauli yake mashuhuri, hakutofautisha kichache na kingi. Imam Shafii katika kauli yake mpya amesema kuwa mnunuzi akishakabidhiwa, khasara ni yake, na muuzaji kusamehe ni bora, si wajibu. Hoja yake ni mtu aliyekhasirika kwa matunda aliyoyanunua, madeni yakamzidi. Mtume akaamrisha achangiwe sadaka, wala hakuyafuta madeni.

Sisi ni Mashafii, lakini hapa twaona kauli ya Malik ina nguvu. Tunda lililo mtini lingali lanyonya mti wa muuzaji. Makabidhiano hayo bado hayajatimia.

Bei ikishuka sokoni kama ishukavyo siku zote, hiyo si afa. Ikipinduka kwa tukio kubwa lisilotazamiwa, hapo pana maneno. Sheria ya Madai ya Misri ya 1948, kifungu cha 147, yampa hakimu ruhusa ya kumpunguzia mzigo mwenye kukabiliwa na khasara kubwa. Na Baraza la Fiqhi la Makka, mwaka 1982, liliamua karibu na hayo, kwa sharti mdai nafuu awe hakuzembea, na hakimu awasikilize wajuzi.

Basi, tufani ikipiga, waitwe wazee wawili wajuao miembe wakadirie yaliyoanguka siku ile ile, mbele ya muuzaji na mnunuzi. Watu hutujia maembe yamekwisha kuoza, kila mmoja ana hesabu yake.